Kiboko na Wenzake

— Paukwa!

— Pakawa!

— Aliyelala?

— Aamshwe!

— Aliyeshika simu?

— Aikalie!

Haya, sasa tumeelewana. Wewe wa pembeni, mbona hukuitikia? Unadhani ngano zinajisimulia zenyewe? Sogea huku. Wengine nao watulie.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana sola zilikuwa zimeshaingia, kulikuwa na bonde moja lenye mto mmoja na wasomi wengi mno. Wasomi wenyewe ni wanyama. Nungunungu alichunguza mizizi. Kobe alichunguza mwendo, hasa mwendo wa wengine. Kima hakuchunguza chochote, ila alikuwa na vidole. Na kulikuwa na Sange.

Sange mnamjua? Hammjui. Mnajua tembo tu na simba, kama watalii. Sange ni mnyama mdogo, ukubwa wa panya, ana miguu myembamba na pua ndefu isiyotulia: nusa, nusa, nusa. Kila asubuhi hufagia njia zake za msituni. Jani likianguka, analiondoa. Kijiti kikianguka, anakiondoa. Wenzake walimcheka wakamuuliza njia imeshakuwepo, sasa anafagia nini. Sange akawajibu kwamba asipofagia leo, kesho ataitafuta asiione. Basi wakazidi kucheka, wakaenda zao, tena kwa njia hizo hizo alizozifagia.

Wasomi hao walikuwa wakiandika utafiti wao kwenye magome ya miti. Gome la Sange lilikuwa na mistari miwili tu. Mstari wa kwanza ulisema hivi: wakati wa kiangazi, maji ya Dimbwi la Mawe yananyweka. Mstari wa pili ulisema: wakati wa kiangazi, maji ya Dimbwi la Juu yanaua wadogo na yanawaharisha wakubwa. Mstari wa kwanza aliuandika mama yake Sange, aliyeonja maji ya Mawe kiangazi baada ya kiangazi, kisha akaonja ya Juu. Mstari wa pili aliuandika Sange mwenyewe. Mama hakuwahi.

Sasa, katika bonde lile kulikuwa na kibanda kando ya mto. Watu waliokuwa wakihesabu ndege walikuja, wakahesabu, wakachoka, wakafunga virago wakaondoka. Wakaacha sola juu ya paa na kompyuta moja mezani. Kiboko akatoka majini, akalala mlangoni, puu! Na ukimwona kiboko amelala mlangoni, basi kibanda ni chake. Au wewe ungekwenda kumwomba hati?

Kiboko akaita mkutano. Akawaambia wasomi kwamba magome ni mambo ya zamani, magome yanaliwa na mchwa, lakini mashine hailiwi. Leteni utafiti wenu, akasema, Kima ataubonyeza kwa vidole vyake, nao utakaa humu ndani.

"Utakaa mpaka lini?" akauliza Nungunungu.

"Milele," akasema Kiboko, akapiga miayo, mwaaaah, wakaona mpaka kooni.

Sange akanyoosha pua akauliza jua likizama inakuwaje. Wakamcheka. Kiboko akasema jua huchomoza tena, Bi Sange, hilo nalo linataka utafiti? Wakacheka tena.

Basi kukawa na utaratibu. Ukitaka utafiti wako uingie kwenye mashine, unaleta mzigo wa majani mabichi, Kiboko anakula. Ukitaka kusoma, unaleta mzigo mwingine, Kiboko anakula. Ukitaka kusoma utafiti wako mwenyewe, ulioutafuta mwenyewe na kuuandika mwenyewe, unaleta mzigo pia, Kiboko anakula. Nungunungu alilipa ili mizizi yake iingie, halafu akalipa tena ili alione jina lake, akakuta juu pameandikwa: Kiboko na wenzake. Akauliza, na mimi niko wapi? Kima akamwonyesha kwa kidole. Hapo kwenye wenzake.

Lakini mtu akishachapishwa, mwacheni. Nungunungu alitembea kifua mbele, miiba yote imesimama. Kobe alitembea kifua mbele pia, ingawa ilikuwa vigumu kujua. Ambaye hakuwemo kwenye mashine alionekana hajasoma. Na mchwa walikuwa wameshaanza kula pembe ya gome la Sange. Akalitazama usiku na mchana, akafikiri juu ya mama yake, mwishowe akabeba mzigo wa majani mkubwa kuliko yeye, akaenda akachapishwa.

Siku ya kumaliza kuingiza, Kiboko alifanya sherehe. Akasema kwa kuwa sasa kila kitu kimo ndani, magome ya nini? Magome yote yakapelekwa kwenye kichuguu, mchwa wakayala: kwaru, kwaru, kwaru. Wasomi wakapiga makofi. Sange alisimama akaangalia gome la mama yake likiisha. Alipiga makofi na yeye, kwa sababu wote walikuwa wanapiga.

Kikaja kiangazi. Lakini kiangazi kile kilikuja na hasira zake. Mto ukapungua mpaka magotini mwa Kiboko. Ukapungua mpaka kwenye kwato zake. Ukabaki tope. Ngozi ya Kiboko ikaanza kupasuka mgongoni, naye akawa analala huku ameelekea mlimani, kule yaliko madimbwi, akitazama tu na kuhema.

Wanyama wakakubaliana waende wakasome kwenye mashine, wajue dimbwi lipi linanyweka. Sange akaenda nao ili asikie maneno ya mama yake yakisomwa mbele ya watu. Kima akabonyeza, tika tika tika, akasoma kwa sauti. Wakati wa kiangazi, maji ya Dimbwi la Juu yananyweka. Wakati wa kiangazi, maji ya Dimbwi la Mawe yanaua wadogo na yanawaharisha wakubwa.

Sange akadhani amesikia vibaya. Akapanda mezani akasoma mwenyewe, pua ikigusa kioo. Yalikuwa maneno yale yale, ila Juu imewekwa mahali pa Mawe na Mawe mahali pa Juu. Akageuka akamtazama Kima. Kima akatazama vidole vyake. Akamtazama Kiboko kwenye tope. Kiboko alikuwa anatazama kule kule mlimani, upande wa Dimbwi la Mawe, na alikuwa anatabasamu. Hapo Sange akaelewa yote. Mzee anataka kuoga peke yake.

Akawaambia wenzake. Akawaambia yamegeuzwa, Juu ndiyo inayoua. Swala, aliyekuwa na mtoto mchanga ubavuni, akamwambia Bi Sange, mashine haiwezi kusema uongo, ile ni mashine. Sange akamfuata Kobe, kwa kuwa Kobe ndiye msomi mkubwa kuliko wote, naye alikuwa ameshaanza safari ya kwenda Dimbwi la Juu. Hakumkimbiza sana.

"Kobe, mzee wangu, yale maneno yamegeuzwa," akasema.

"Una gome?" akauliza Kobe.

"Lililiwa. Ulikuwepo, ulipiga makofi."

"Basi una nini?"

"Nina mama aliyekufa kwa maji yale."

Kobe akafikiri muda mrefu. Alikuwa na huruma ya kweli, msimwonee.

"Pole sana, Bi Sange," akasema. "Lakini huyo hanukuliki."

Akaendelea na safari yake.

Sange akarudi. Swala alikuwa anamwosha mtoto wake kwa ulimi, akimwambia asubuhi watakwenda kunywa maji mengi, mengi. Mtoto mwenyewe bado miguu haijajua kusimama vizuri. Sange akamtazama, akakumbuka jinsi mama yake alivyokuwa kwa siku ile moja, asubuhi mzima, jioni hayupo. Akaogopa. Akasema moyoni, kesho hawa wanakwenda kufa, na watakufa wakinitaja mimi, kwa kuwa juu ya maneno yale, baada ya Kiboko, mimi ndiye wenzake.

Akakaa chini. Ile pua ikatulia. Na sange akitulia pua, jueni kuna mtu atakiona cha mtema kuni.

Alasiri akachuma majani mabichi, machache yaliyobaki, akatafuta na ua moja akalichomeka juu. Akaenda kibandani anaimba.

"Shikamoo, Mzee Kiboko."

"Marahaba. Kama umekuja kulalamika, malalamiko ni mizigo miwili."

"Sikuja kulalamika, Mzee. Nimekuja kushukuru."

Kiboko akafungua jicho moja. Tangu aanze uchapishaji, hakuna aliyewahi kumshukuru.

Sange akaketi, akashusha pumzi kama mtu aliyetua mzigo. Akamwambia kwamba yeye na marehemu mama yake walikuwa watu wabaya. Waligundua kwamba wakati wa kiangazi maji matamu ni ya Dimbwi la Juu, matamu ajabu, na baridi. Wakaona wakiwaambia wenzao yatakwisha. Basi wakaandika kinyume, Mawe wakaisifu, Juu wakaisingizia. Tangu hapo hakuwa analala. Lakini leo amesoma kwenye mashine, akakuta kuna mwungwana ameyasahihisha. Kweli mashine inajua kila kitu. Na huyo mwungwana Mungu ampe umri, maana kesho wanyama wote watakwenda Juu kunywa maji matamu, wao na watoto wao.

"Namwonea huruma tu," akasema Sange, "atakayebaki na lile la Mawe. Atahara mpaka meno."

Kiboko akafungua jicho la pili.

"Yaani mliwadanganya majirani zenu wenyewe?"

"Tuliwadanganya. Lakini hebu niambie, Mzee, ungekuwa wewe ndiye unayejua yaliko maji, ungewaandikia?"

Kiboko akafikiri. Akajitazama vizuri moyoni, akaona yeye asingewaandikia hata kidogo. Angeandika kinyume. Na kwa kuwa yeye angeandika kinyume, akaona habari hii ni ya kweli kabisa, haina shaka. Mnaona? Mwizi ukimwambia kuna mwizi mwenzake, hahitaji ushahidi.

Sange akaaga, akashukuru tena, akaondoka polepole. Hajafika hata kichakani akasikia nyuma yake sauti, Kimaaa! Halafu akasikia, tika tika tika tika tak.

Akacheka peke yake njia nzima. Alikuwa na haki ya kucheka, lakini alicheka mapema.

Asubuhi, Swala na mtoto wake na wengine wote walikuwa wameshapanga mstari wa kwenda Dimbwi la Juu, Kima akapanda juu ya paa, karibu na sola, akasoma tangazo. Tangazo lenyewe ni hili, nalisema kama lilivyokuwa:

"Masahihisho. Imegunduliwa kwamba Sange na mama yake waliandika uongo. Maji yanayonyweka ni ya Dimbwi la Mawe. Mashine haikukosea. Aliyekosea ni Sange. Kiboko na wenzake wanaomba radhi kwa niaba yake."

Mstari wote ukageuka, ukashika njia ya Dimbwi la Mawe. Walimpita Sange mmoja mmoja. Wakafika, wakanywa, lapu lapu lapu, maji safi, na mtoto wa Swala akanywa mpaka tumbo likawa duara. Sange akawaangalia kwa mbali. Alikuwa ameshinda. Wote wazima.

Swala akanyanyua kichwa, maji yakimdondoka kidevuni.

"Kumbe ulitaka kutuulia watoto wetu, ndiyo maana jana ukaogopa ukasema yamegeuzwa," akamwambia.

Sange akafungua mdomo. Neno lilikuwa pale pale, kwenye ulimi. Lakini Kima alikuwa jirani, juu ya jiwe, anasikiliza kila kitu ampelekee mkubwa wake. Sange akisema kweli, Kiboko atajua amechezewa, na kabla jua halijazama maneno yatageuka tena. Akafunga mdomo. Akina mama wakawavuta watoto wao wasikae karibu naye. Nungunungu akasema kwa sauti kwamba yeye siku zote alishangaa utafiti gani wa mistari miwili. Wakakubaliana jina la Sange lisitajwe tena kwenye mambo ya elimu, wala la mama yake.

Liliuma. Yeye angeweza kuvumilia, lakini mama yake, aliyekunywa yale maji kwa ajili ya watu hawa hawa, kuitwa mwongo kwenye kioo kinachowaka! Sange alikwenda nyuma ya jiwe akalia, na alipomaliza kulia akanywa maji, kwa sababu kiu haijui aibu.

Sasa Kiboko alikuwa anasubiri. Alipoona bonde lote limekwenda kwenye Mawe, akanyanyuka. Akapanda mlima, du, du, du, mgongo unamuuma, mpaka Dimbwi la Juu. Maji ya kijani, yametulia, hakuna mtu. Akajitumbukiza, chubwi! Akanywa gubu gubu gubu. Akapumzika, akanywa tena gubu gubu gubu. Akasema haya ndiyo maisha.

Lakini hakuwa peke yake. Mnakumbuka nani alikuwa ametangulia kwenda Juu? Kobe alikuwa amefika karibu kabisa tangazo lilipomfikia, akaamua kugeuka. Na kugeuka kwake si jambo la mara moja. Alikuwa bado yuko katikati ya kugeuka, akaona yote.

Kukaanza kama radi ya mbali. Ngurururu. Kiboko akanyamaza. Ngurururu. Akatoka majini upesi. Hakufika mbali. Prrraaaa! Ilisikika mpaka kwenye Mawe, ndege wote wakaruka. Prrraaaa! Wanyama wakakimbia mlimani wakidhani mlima umepasuka, wakamkuta Kiboko amelala ubavu, machozi yanamtoka, na Kobe amesimama mbele yake, kwa upande wa upepo ulio salama, anamhoji.

Kobe akamuuliza kwa nini amekunywa hapa, na mashine yake yenyewe inasema hapa panaharisha. Kiboko akajibu prrraaaa. Kobe akasubiri. Kusubiri ndiyo fani yake. Akauliza tena, vile vile, neno kwa neno. Kiboko tumbo lilikuwa limembana hata akasahau uongo, na mwongo akisahau uongo ameisha.

"Sange amenidanganya!" akasema. "Alikuja kwangu akaniambia maneno yake ya mwanzo yalikuwa uongo. Ndiyo nikayarudisha kama yalivyokuwa."

Kobe akafikiri kidogo.

"Ukayarudisha," akasema. "Kwa hiyo kabla ya hapo, nani aliyatoa?"

Kiboko akamtazama Kima. Kima akaficha vidole nyuma. Swala akamtazama mtoto wake, lile tumbo duara, halafu akatazama maji ya kijani, akamvuta mtoto mbali na ukingo. Sange alikuwa nyuma kabisa, kwenye majani. Hakusema kitu, kwa kuwa sasa hakukuwa na haja.

Kima alikimbilia miti ya mbali kwa aibu, na yeye ndiye aliyekuwa akipangusa vumbi kwenye sola. Hakuna aliyejua hilo. Hawakuwa wamewahi kuuliza. Vumbi likakaa, likanenepa, kioo kikafifia, kikalia piii, kikazimika. Mvua ziliponyesha, paa nalo likaamua kuvuja, maji yakaingia kwenye mashine mpaka vyura wakahamia. Kiboko, amekonda, ngozi inaning'inia, alirudi mtoni akasema utafiti wenu umo humo humo ndani, umepumzika tu. Wasomi wakalia. Kazi ya maisha yao, yote mle, na nje hakuna hata kipande. Nungunungu alikumbuka nusu ya mizizi yake, tena hakuwa na uhakika kama ni ile nusu yenye sumu au isiyo na sumu.

Kazi ya Sange tu ndiyo iliyobaki nzima, kwa kuwa bonde lote lilikuwa limeshakunywa na kila mtoto aliijua njia ya Mawe.

Wakarudi kwenye magome. Lakini safari hii kila mmoja aliandika magome mengi, akagawa, la kwako, la jirani, na la yule asiyepatana naye. Hasa huyo. Rafiki akipewa utafiti wako anauweka chini ya kichwa akalala, ila adui anausoma kila siku akitafuta kosa. Swala alikuja kwa Sange akasimama tu mlangoni. Sange akampa gome la mistari miwili akatunze. Juu yake palikuwa na jina la mama, na hakukuwa na wenzake.

Kobe akatoa hoja kwamba watafute namna ya kuiamsha ile mashine, kwani ndani yake mna vitu vya thamani. Wakamuuliza Sange anaonaje. Sange akakumbuka kwamba ndani yake, pamoja na hivyo vya thamani, mna tangazo linalosema yeye na mama yake ni waongo, tena la milele. Akasema anasikitika sana, kweli kweli, lakini vyura wameshazaa. Pua ikacheza: nusa, nusa, nusa.

Haya. Funzo mnalitaka? Shikeni, mimi sirudii. Ukiwa na neno la kweli la kuokoa watu, liweke mahali pamoja tu. Mlango mpe mwenye mdomo mpana, nakala zote wape mchwa, na upige makofi. Likija kugeuzwa, usihangaike na ushahidi, tafuta uongo mzuri. Na ukiandikwa vibaya, ombea mvua. Elimu hutunzwa hivyo, wanangu, msisikilize wanaowaambia vingine.

Ngano imekwisha, mdomo umekauka, nipeni maji, na mniambie kwanza mmeyateka wapi. Aliyesikia ameondoka na nakala yake. Kesho mkibishana nani kaisikia sawasawa, msije kwangu kuniuliza. Kaeni wote pamoja, muisimulie kila mtu na yake, mpaka zilingane.